Zamu ya Usiku, Ghorofa ya Saba

Saa nane na dakika kumi. Upper Hill imelala,
imebaki taa yetu, na paka wa mlinzi
anayekwaruza pipa la taka kule chini.
Mezani pangu yamelala mambo matatu,
na hakuna hata moja lenye sura ya vita.

La kwanza: stima imepotea Embakasi.
Swichi imejizima. Fundi anaapa
hakuna mkono ulioigusa.
La pili: zahanati moja ya Eastleigh,
kompyuta zimeganda zote kwa pamoja,
wauguzi wamerudia daftari na kalamu ya risasi.
La tatu ni sauti. Dakika moja na nusu.
Mwanamke analia, anasema maji ya Kayole yametiwa sumu,
kisha anataja kabila la waliotia.

Mimi nilifundishwa kumjua adui kwa nyayo.
Marehemu Bwana Ekidor alikuwa akigonga ubao kwa kiko chake:
hesabuni buti, hesabuni malori,
hesabuni mikate inayookwa kambini.
Mikate!
Leo nihesabu nini, mwalimu?

Nimepiga simu nne.
Stima ni ya wizara, zahanati ni ya kaunti,
sauti ni ya polisi, au ya watu wa mawasiliano,
na kila mmoja ameniambia, kwa adabu ya mtu aliyeamshwa,
"Hiyo si yangu, dada."
Kila droo ina ufunguo wake.
Yeye anapita katikati ya droo,
pale penye vumbi na pini zilizoanguka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Sawa. Hawakusema lolote kuhusu nguo ya kuazima,
wala mlaji aliyeko bara jingine,
au hapo Ngara tu, chumba cha kukodi,
kijana mwenye madeni na laini arobaini za simu
asiyejua mwenyewe anamfanyia nani kazi.

Na huenda kule Embakasi ni panya.
Nasema kweli, panya huguguna nyaya.
Ukimwona adui katika kila panya, amekwisha kukushinda
bila kuondoka kitandani.
Ukiona panya tu, kila mara –

Simu yangu ikatetemeka. Mama, kutoka Chuka:
"Kathambi, usinywe maji ya huko."
Na chini yake, ile sauti.
Ile ile niliyoipa nambari ya faili
imenifikia kwa mkono wa mamangu,
imefungwa kwa upendo kama mayai kwenye gazeti.

Nina kiapo. Siwezi kumwambia ninachokijua,
hata ninapofanya kazi hajui.
Nikamjibu: lala, Mama, nitachemsha.
Kosa. Nimeuthibitisha uongo kwa sufuria.

Saa kumi na moja alfajiri Kayole imeamka kabla ya jua.
Musembi, muuza maji, mkokoteni wake umepinduliwa,
mitungi kumi na minane imepasuliwa kwa panga,
na yeye yuko wodini, taya limefungwa waya.
Hakuna jeshi lililopita hapo.
Walikuwa wateja wake.

Mkuu anataka neno moja kwa mkutano wa saa mbili:
shambulio, au bahati mbaya?
Naandika, nafuta.
Oduya, wa dawati la pili, anasema dawa ipo,
tusikilize simu zote, za watu wote.
Nikamwona Mama akipimwa na masikio yetu,
dua zake, bei ya majani chai, kikohozi chake,
nikajiuliza kama si hilo hasa
lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo.

Maabara imejibu. Maji ni safi.
Ripoti nimeisoma mara mbili, nimeitia sahihi.
Kumepambazuka. Nimekwenda jikoni, mwisho wa ukumbi,
nimefungua bomba, nimejaza glasi.

Nimeishika
mpaka ikapata joto la mkono.